Kampuni "huchuja" dawa makusudi? Kasome kwanza ile namba kwenye lebo

Wiki iliyopita nimeambiwa tena, safari hii na mtu msomi, kwa sauti ya chini kama anayenimegea siri: "Hizi kampuni kubwa wajanja sana. Dawa ya shambani ikitoka inaua wadudu kweli. Mkishaizoea wanaichuja iwe dhaifu, mkanunue ile mpya." Nilianza kuhesabu hadi kumi ili nitulie. Sikufika.

Dawa feki zipo, hilo halina ubishi. Na dawa iliyopigwa na jua dukani miaka mitatu huchoka yenyewe. Tuyaache hayo. Nazungumzia dawa halali, ambayo kiambato chake kimepimwa maabara kikakutwa kamili, na bado viwavi wanatafuna.

Kulipima hili si uchawi. Unakata vipande vya jani, unavichovya kwenye dozi zinazopanda hatua kwa hatua, vikikauka unaweka viwavi. Baada ya siku mbili tatu unawagusa mmoja mmoja kwa ncha ya brashi; anayeshindwa kujipindua unamhesabu amekufa. Wale waliozaliwa maabara, ambao ukoo wao haujawahi kuonja sumu, unawakuta wamelala wote. Wale wa shambani, chupa ile ile, siku ile ile, unawagusa wananyanyua kichwa kama uliowakatiza usingizi. Kilichochujwa hapo ni viwavi: wanyonge walikufa misimu iliyopita, wakabaki wagumu, wakazaana.

Mfano ninaoupenda wa usugu, yaani dawa kushindwa kuua walioizoea, ni azoksistrobini, dawa ya kuua kuvu wa mazao. Kuna uyoga mdogo unaoota kwenye koni za misonobari na kutoa kemikali inayowazima kuvu wenzake. Kemikali hiyo ya asili huharibika upesi kwenye mwanga, kwa hiyo wanakemia wa ICI, kampuni ya kemikali ya Uingereza, kule Jealott's Hill waliifinyanga upya mpaka ikavumilia jua. Mwaka 1996 ikaingia sokoni, wakati huo biashara ikiwa mikononi mwa Zeneca iliyozaliwa na ICI mwaka 1993. Mwaka 1998 ubwiri unga, kuvu anayeshambulia majani, wa ngano kaskazini mwa Ujerumani ulikuwa tayari unaidharau. Miaka miwili tu! Na badiliko lenyewe lilikuwa moja: kwenye protini ya kuvu iitwayo saitokromu b, ambayo dawa hiyo huilenga, nafasi ya 143, tofali moja (asidi amino) liitwalo glisini limepisha jingine, alanini. Basi. Kampuni gani yenye akili timamu ingejichimbia shimo hilo huku hataza yake ikiwa bado mbichi?

Miaka miwili baadaye, Novemba 2000, kitengo cha dawa za kilimo cha Zeneca kiliungana na kile cha kilimo cha kampuni ya Novartis, ikawa Syngenta, makao makuu Basel, Uswisi. Ukipanda juu kwenye ukoo wa Novartis unaikuta kampuni ya Geigy, ambako Paul Müller aligundua mwaka 1939 kwamba DDT huua wadudu, akapewa Nobeli mwaka 1948. Kabla hata hajaipokea tuzo hiyo, nzi wa nyumbani walikuwa wameanza kuizoea DDT. Mwaka 2017 Wachina wa ChemChina wakainunua Syngenta kwa dola bilioni 43. Wamiliki hubadilika kila kukicha. Usugu hauangalii nani ana hisa.

Sasa nije kwenye linalonichoma hasa. Yule bwana aliniapia kwamba yeye hubadilisha dawa kila msimu. Nikamwambia, zilete. Akazipanga mezani chupa tatu, rangi tatu, majina matatu. Nikazigeuza nyuma. Ya kwanza lamda-sihalothrini. Ya pili saipamethrini. Zote mbili kundi 3A, maana yake zinapiga sehemu ile ile ya neva za mdudu. Mdudu aliyeshaijua moja, mara nyingi ya pili anaipokea kama ndugu. Kubadilisha jina la dukani si kubadilisha dawa! Hata kubadilisha kiambato hakutoshi kama kundi ni lile lile. Namba hizo zinatolewa na IRAC kwa viuawadudu na FRAC kwa viuakuvu, kamati za kupambana na usugu zilizoundwa na kampuni zenyewe. IRAC ipo tangu 1984. Ingekuwa ajabu mtu anayekuchujia dawa kwa siri akuandikie na namba ya kumkwepa.

Ila tukubaliane, mkanganyiko huu sisi tunaouza dawa tuna mkono ndani yake. Lamda-sihalothrini ya Syngenta ni Karate hapa, Warrior kule Marekani, Icon inapopigwa kuua mbu. Molekuli moja, majina matatu. Jina linachapwa kubwa kama bango, na namba ya kundi inatafutwa kwa miwani.

Na kuna mengine ambayo vitabu huyapitia haraka. Tunapenda kusema molekuli mpya hula miaka 11 na dola milioni 280 na ushee. Ni kweli utafiti wa mwaka 2016 ulisema hivyo, lakini kampuni ndizo zilizougharamia. Kuhusu kipi huchelewesha usugu zaidi, kuchanganya dawa mbili kwa pamoja au kuzipokezanisha, wataalamu bado tunavutana, na mimi nimebadili msimamo mara mbili. Kwa kuvu naegemea kuchanganya. Kwa wadudu, usinishike shati.

Chupa yake ya tatu ilikuwa mchanganyiko: thiamethoksamu, kundi 4A, pamoja na lamda-sihalothrini ile ile. Mchanganyiko wa hivi huuzwa kama kinga dhidi ya usugu, na kwenye karatasi ni hesabu nzuri, mradi viambato vyote viwili bado vinaua. Kwake, cha 3A kilishakufa zamani. Kwa hiyo thiamethoksamu inapigana peke yake, nayo inaelekea huko huko, na yeye analipia mbili. Akaniuliza kwa nini basi tunaiuza. Nikamjibu kwamba kuna mashamba ambako bado inafaa, jambo ambalo ni kweli. Hakuridhika, na sikumlaumu.