Tromsø hadi Longyearbyen si mbali kama ramani inavyoonyesha

Huenda ukadhani kwamba kutoka Tromsø, kaskazini mwa Norwei, hadi Longyearbyen katika visiwa vya Svalbard ni safari ya saa nyingi angani. Ukitazama ramani bapa ya ukutani, ni rahisi kuona hivyo: ramani nyingi za aina hiyo huvuta maeneo ya karibu na ncha za dunia, hata pengo hilo likaonekana kama kilomita 3,500 zikipimwa kwa skeli ya ikweta.

Umbali halisi ni kilomita 960 hivi. Hakikisha mwenyewe: Tromsø iko nyuzi 69.7 Kaskazini, Longyearbyen 78.2. Tofauti ni 8.5, zidisha kwa kilomita 111, ambazo ni urefu wa nyuzi moja ya latitudo, upate karibu 945. Kilomita chache zinazobaki zinatokana na kukadiria nyuzi hizo na tofauti ya longitudo, ambayo kwa kilomita ni ndogo huko juu. Mwenye tufe la dunia anyooshe uzi kati ya miji hiyo miwili, aone.

Ndege ya jeti huchukua takriban saa moja na dakika 40, pamoja na kupaa na kushuka. Usigawanye umbali kwa mwendo wa angani pekee; ongeza kama nusu saa. Kinachorefusha safari hasa ni uwanjani: Svalbard haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya ambazo kati yao husafiriwa bila ukaguzi wa pasipoti, kwa hiyo pasipoti hukaguliwa.