Je, wajua kwa nini mlio wa honi unaweza kumwangusha mtu?

Mlio wa ghafla hutushtua sote: misuli hukaza, kisha hulegea. Kwa mwenye ugonjwa wa kukakamaa mwili (kwa Kiingereza, stiff-person syndrome), hailegei. Mgongo, tumbo na miguu hukaza kwa pamoja, maumivu yakiwa makali, naye huanguka mzimamzima bila kuwahi kutanguliza mikono. Wapo wanaovunjika mifupa.

Kwa kawaida, misuli inapoamriwa kukaza, kemikali ya neva iitwayo GABA huzuia amri hiyo isipitilize. Ndiyo breki yetu. GABA hutengenezwa kwa kimeng'enya kiitwacho GAD, na mwaka 1988 watafiti walikuta katika damu ya mgonjwa mmoja kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, zinazoilenga GAD hiyohiyo. Kinga iliyopaswa kupigana na vijidudu ilikuwa imemgeukia mwenyewe. Kingamwili hizo sasa huonekana kwa wagonjwa wengi wa maradhi haya. GAD iko pia kwenye kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, na baadhi yao wana kisukari cha kutegemea insulini.

Madaktari Moersch na Woltman wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, waliueleza ugonjwa huu mwaka 1956. Hukadiriwa kumpata mtu mmoja au wawili katika milioni, hivyo daktari anaweza kustaafu bila kuuona. Kinachoniuma ni kwamba hofu na huzuni nazo huchochea mikazo, basi mgonjwa huambiwa ni wasiwasi tu, au anajifanya, au ana mashetani. Kumbe anaogopa kuvuka barabara kwa sababu ameshaanguka huko! Mwimbaji Celine Dion alipotangaza Desemba 2022 kwamba anaugua maradhi haya, wengi ndipo walipoyasikia kwa mara ya kwanza.

Hayana tiba ya kuyamaliza, lakini yanatulizwa. Dawa ya diazepamu huipa GABA nguvu, ile ya baklofeni hulegeza misuli, na wengine hutiwa kwenye mshipa kingamwili zilizochujwa kutoka damu ya wachangiaji. Diazepamu isikatishwe ghafla, ni hatari. Mazoezi ya taratibu chini ya mtaalamu husaidia pia.

Nyumbani, msimtokee kwa nyuma. Mwiteni kwa upole kabla ya kumgusa. Na mtu ambaye mgongo wake unazidi kuwa mgumu, na mikazo humjia kila anaposhtuka, aombe rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu na kuulizia kipimo cha damu cha kingamwili za GAD.