Fomu za modula na mikunjo ya eliptiki: hesabu mbili, orodha moja

Katika nadharia ya namba, uhusiano kati ya fomu za modula na jiometri ya milinganyo ni dai kwamba vitu viwili vilivyozaliwa katika matawi tofauti ya hisabati vinabeba orodha moja ya namba. Upande mmoja kuna mkunjo wa eliptiki, yaani mlinganyo wa vigeu viwili ambamo y imefika kipeo cha pili na x kipeo cha tatu, na ambao mchoro wake hauna ncha kali wala mahali unapojikata. Upande wa pili kuna fomu ya modula, ambayo ni funksheni ya namba changamano (namba za umbo s + ti, ambapo i² ni −1) yenye ulinganifu usio wa kawaida. Maelezo mengi hukimbilia historia na majina makubwa. Nadhani ni afadhali kuhesabu kwanza, kwa kuwa mfano mdogo kuliko yote unaweza kufanywa kwa kalamu na karatasi.

Chukua mlinganyo y² + y = x³ − x². Tunachagua namba tasa p, tunaziruhusu x na y ziwe namba za kuanzia 0 hadi p − 1 tu, kisha tunauliza ni jozi ngapi zinazozifanya pande zote mbili ziache baki ileile zinapogawanywa kwa p. Tuseme p ni 5. Upande wa kushoto, y ikiwa 0, 1, 2, 3 na 4, baki ni 0, 2, 1, 2 na 0. Upande wa kulia, x ikipitia namba hizohizo, baki ni 0, 0, 4, 3 na 3. Baki 4 na 3 hazipatikani kabisa upande wa kushoto, kwa hiyo x ikiwa 2, 3 au 4 hakuna jibu. X ikiwa 0 au 1 inahitajika baki 0, ambayo y huitoa mara mbili, na jumla inakuwa jozi 4. Kwa njia hiyohiyo, p ikiwa 2 tunapata jozi 4, ikiwa 3 jozi 4, ikiwa 7 jozi 9, na ikiwa 13 jozi 9.

Kwa makadirio ya kawaida mtu angetarajia jozi zipatazo p, na ndiyo maana kinachoandikwa ni tofauti, yaani p ukitoa idadi ya jozi. Kwa namba tasa 2, 3, 5, 7 na 13, tofauti hizo ni −2, −1, 1, −2 na 4. Namba 11 tumeiruka kwa makusudi, kwa sababu ndiyo pekee inayouharibu mkunjo huu: ukihesabu kwa baki za 11, mkunjo unajikata. Helmut Hasse alithibitisha katika miaka ya 1930 kwamba tofauti ya namna hii haizidi mara mbili ya kipeuo cha pili cha p. Lakini ndani ya mipaka hiyo namba zinaonekana kurukaruka ovyo.

Tuuache mlinganyo kabisa. Andika q, izidishe kwa (1 − q)²(1 − q¹¹)², kisha kwa (1 − q²)²(1 − q²²)², kisha kwa (1 − q³)²(1 − q³³)², na uendelee hivyo bila kikomo. Ukifungua mabano, mfululizo unaanza hivi: q − 2q² − q³ + 2q⁴ + q⁵ + 2q⁶ − 2q⁷, na mbele zaidi utakutana na 4q¹³. Namba iliyo mbele ya q² ni −2, ya q³ ni −1, ya q⁵ ni 1, ya q⁷ ni −2, ya q¹³ ni 4. Ni orodha ileile, na inalingana hivyo kwa kila namba tasa isiyo 11, bila kukosea hata mara moja.

Mfululizo huo ni fomu ya modula. Herufi q inasimama badala ya e kwa kipeo cha 2πiz, ambapo z ni namba changamano iliyo juu ya mstari wa namba halisi. Ukiiondoa z na kuweka (az + b)/(cz + d), ambapo a, b, c na d ni namba kamili, ad − bc ni 1, na c inagawanyika kwa 11, funksheni nzima inazidishwa tu kwa (cz + d)². Kipeo hicho cha 2 huitwa uzito wa fomu, na 11 huitwa daraja lake. Masharti haya yanabana mno: miongoni mwa fomu za uzito 2 na daraja 11 zinazofifia kwenye kingo, yaani z inapopanda bila kikomo au inaposhuka kuelekea namba ya sehemu kwenye mstari wa namba halisi, hakuna nyingine ila hii na vizidishe vyake. Aidha, ukiziunganisha pamoja z zote zinazobadilishana kwa kanuni hiyo na kuziba kingo, unapata sura yenye tundu moja, na sura yenye tundu moja ndiyo umbo la mkunjo wa eliptiki katika namba changamano. Mkunjo unaozaliwa hapo ni ndugu wa karibu wa ule tulioanza nao, na hesabu zao za baki ni sawa.

Martin Eichler, mwaka 1954, na baada yake Goro Shimura, walionyesha jinsi ya kutoka kwenye fomu hadi kwenye mkunjo. Safari ya kurudi ndiyo iliyokuwa ngumu. Yutaka Taniyama aliiuliza mwaka 1955, Shimura akalinyoosha swali, na André Weil akaliongezea uzito mwaka 1967: je, kila mkunjo wa eliptiki ulioandikwa kwa namba za sehemu una fomu yake?

Gerhard Frey alitambua kwamba, kama kungekuwa na namba zinazopinga dai la Fermat, yaani dai kwamba hakuna namba kamili chanya a, b na c zinazotimiza aᵖ + bᵖ = cᵖ kipeo p kikizidi 2, basi mkunjo y² = x(x − aᵖ)(x + bᵖ) ungekuwa wa ajabu mno. Ken Ribet alithibitisha mwaka 1986 kwamba mkunjo huo, ukiwa na fomu, ungelazimisha kuwepo kwa fomu ya uzito 2 na daraja 2 inayofifia kwenye kingo. Na fomu ya namna hiyo haipo, kwa sababu sura ya daraja 2 haina tundu hata moja. Andrew Wiles, akisaidiwa na Richard Taylor kuziba pengo lililoonekana baada ya tangazo lake la 1993, alichapisha mwaka 1995 uthibitisho unaogusa aina ya mikunjo iliyotosha kummaliza Fermat. Mikunjo iliyosalia ilikamilishwa mwaka 2001 na Breuil, Conrad, Diamond na Taylor.