Mpenda Kushirikiana Si Mtu wa "Ndiyo" Kila Saa

Kwenye vyama vya akina mama sokoni Kibuye, Kisumu, utasikia imani moja ya zamani: anayependa kushirikiana ni mpole, hajui kukataa, ukimzungusha atanyamaza tu. Utafiti unaonyesha vingine.

Mwaka 2001, wanauchumi Urs Fischbacher, Simon Gächter na Ernst Fehr walichapisha jaribio walilofanya Uswisi, ambapo watu waliamua wachangie kiasi gani kwenye mfuko wa pamoja. Takriban nusu waliongeza mchango kadiri wenzao walivyotoa. Wenzao wakibana, nao walibana. Karibu theluthi hawakutoa kitu, hata wengine walipotoa. Majaribio mengine ya Fehr na Gächter yalionyesha kuwa wengi hukubali kupoteza pesa zao wenyewe mradi mkwepaji aadhibiwe. Upole gani huo?

Mweka hazina yeyote analijua hili bila maabara. Anayefika wa kwanza na mchango mkononi ndiye huyo huyo anayevuta daftari, anaweka kidole kwenye jina la aliyeruka wiki mbili na kuuliza faini iko wapi. Wapo wasioweza kukataa, ndiyo, ila hiyo ni tabia nyingine. Mwanachama wenu mwaminifu akianza kuchelewesha mchango, angalieni kwanza nani halipi.