Panda nalo kwanza: begi la mgongoni la mtu anayekwenda kazini kwa pikipiki

Begi likiletwa kwangu kushonwa, sehemu iliyokatika huniambia mwenyewe anasafirije. La mtu wa daladala huanza kufa kwenye zipu, maana hulifungua na kulifunga akiwa amelipakata, limejaa hadi linavimba. La mwendesha pikipiki hufia kwingine: juu, pale mikanda ya mabegani inapoingia kwenye mwili wa begi, na chini, pale kitako chake kinaposuguana na siti. Zipu zake mara nyingi bado nzima kabisa. Lakini mtu huyohuyo akienda kununua jingine, atafungua na kufunga zipu zote, atahesabu mifuko, atauliza laptopu inaingia, kisha atalipa. Mikanda hata hakuigeuza.

Nashona na kutengeneza mabegi Ilala, Dar es Salaam. Wateja wangu wengi ni watu wanaotoka Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara na Kigamboni kila asubuhi kwa pikipiki zao wenyewe: walimu, wauguzi, mafundi umeme, watu wa maofisini. Hawa ndio ninaowaandikia. Dereva wa bodaboda nina neno moja tu kwake: usivae begi mgongoni ukiwa na abiria. Linamsukuma nyuma hadi anakalia ukingo wa siti, na hana tena pa kukushika.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: usinunue begi ukiwa umesimama. Nenda dukani au sokoni na pikipiki yako, omba ruhusa, tia ndani vitu vyenye uzito wa vile unavyobeba kweli, vaa helmeti, kaa kwenye siti, shika usukani. Muuzaji anayejua kazi yake hatakukatalia dakika mbili hizo. Ukisimama mbele ya kioo, mabega yako yamerudi nyuma na mikono iko ubavuni, kwa hiyo begi lolote litakukaa vizuri. Ukishika usukani mambo yanabadilika. Mabega yanasogea mbele, mgongo unapinda kidogo, na mkanda uliokuwa katikati ya bega unaanza kuteleza kuelekea mkononi. Begi lililokuwa limetulia sasa linaning'inia.

Ukiwa umekaa hivyo, inua kichwa kama unayeangalia taa za barabarani, kisha geuka utazame nyuma kulia na kushoto. Helmeti ikigonga ukingo wa juu wa begi, liache hilo begi, hata kama ni zuri namna gani. Siku ya kuhama njia kwenye Barabara ya Mandela, katikati ya malori, utahitaji kugeuza shingo hadi mwisho, na begi refu litakunyima sehemu ndogo iliyobaki. Kwenye pikipiki kama Boxer au TVS, ambazo mtu hukaa wima, tatizo hili ni dogo. Kwenye zile za kulalia tangi ni kubwa, kwa sababu mgongo ukilala, begi linateremka kuelekea kisogoni.

Halafu angalia chini. Kitako cha begi kinatakiwa kiguse siti kwa wepesi, au kikae juu yake kidogo kiasi cha kupitisha vidole. Kikigusa kwa wepesi, siti inapokea sehemu ya uzito na mabega yanapumua. Kikikandamiza siti, kila tuta litalisukuma begi juu, mikanda italegea, kisha begi litaanguka tena na kuivuta mikanda kwa ghafla. Begi la kilo sita likianguka namna hiyo huvuta kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake, na mvuto huo wote unaishia kwenye mshono mmoja mfupi nyuma ya bega lako. Mabegi yanayonijia yamechanika hapo juu mengi yameuawa hivyo. Nayaona sana kwa watu warefu wa kiwiliwili kifupi na miguu mirefu, ambao wakisimama begi huwa sawa kabisa kwao.

Pembeni nako kuna kipimo. Begi lisizidi upana wa mabega yako. Upepo unaoligonga begi hauongezeki sambamba na mwendo: ukitoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, msukumo wake unakuwa mara nne. Ndiyo sababu begi pana lisilokusumbua Kariakoo linakupeperusha ukiwa juu ya Daraja la Kigamboni, ambako upepo wa bahari unapiga kwa ubavu.

Sasa mikanda yenyewe. Ligeuze begi, lifungue, ingiza mkono hadi ndani juu ya mgongo na upapase mahali mikanda ilipoingilia. Unatafuta vitu viwili. Kwanza, mkanda usiwe umeshonewa kwenye ukingo wa kitambaa tu. Uwe umeingia ndani kama inchi moja au mbili, na juu yake kuna kipande kingine cha kitambaa kigumu kilichoubana. Pili, mshono wa nje uwe boksi lenye alama ya X katikati, au ule mshono mzito wa kwenda na kurudi mahali pamoja hadi uzi unatengeneza mwamba mdogo. Ukiona mstari mmoja tu wa uzi umepita juu ya mkanda, huyo fundi alikuwa na haraka. Bitana ikikuzuia kuona, vuta mkanda kwa nguvu kwenda juu na utazame mashimo ya sindano. Yakifunguka hadi mwanga unapita, hilo halitamaliza masika.

Mkanda wa kifuani nauhesabu kuwa lazima. Huo ndio unaozuia mikanda ya mabegani isitawanyike ukishika usukani. Uwe unaweza kupandishwa na kushushwa, hasa kwa wanawake, ambao mara nyingi hulazimika kuacha kuufunga kwa sababu umewekwa mahali pabaya. Begi lako zuri halina? Usilitupe. Vipande viwili vya ukanda wa nailoni na bizimu moja ya plastiki vinatosha, na ni kazi ya muda mfupi kwa fundi yeyote mwenye cherehani nzito. Mkanda wa kiunoni ni jambo jingine. Kwa mtembea kwa miguu unahamishia uzito kwenye nyonga, lakini ukiwa umekaa kazi hiyo inapungua sana. Unabaki kulizuia begi lisihame ubavuni unapokata kona. Kama begi ni dogo, unaweza kuukosa.

Ncha za mikanda, tafadhali, zisiachwe zinapepea. Sote tunajua kanga au dera likinaswa na gurudumu la nyuma linavyoweza kumwangusha abiria. Mkanda mrefu unaoning'inia karibu na mnyororo una hatari ileile. Kata ziada, choma ncha kwa kiberiti ili nyuzi zisifumuke, ikunje na uishone, au iviringe na kuifunga kwa mpira.

Kuhusu kitambaa, utaona mabegi yameandikwa 600D au 1000D. Hiyo ni denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Inakuambia unene wa uzi, haikuambii ubora wake. Sokoni kwetu vingi ni vya poliesta ya 600, na kwa kwenda ofisini inatosha ikiwa imefumwa kwa kubana. Nailoni nzito, kama ile ya jina la Cordura, inavumilia msuguano vizuri zaidi, na hilo ni la maana sana pale kwenye kitako. Poliesta nayo inastahimili jua kuliko nailoni na hainyonyi maji mengi. Kwa jua la Dar mimi naridhika na poliesta nene iliyowekewa kitako cha nailoni au cha turubai. Anayepiga kilomita nyingi kila siku atafute nailoni mwili mzima.

Wanunuzi wa mtumba pale Karume wanisikilize hapa. Mabegi mengi yamepakwa kwa ndani tabaka jembamba la poliyurethani la kuzuia maji. Tabaka hilo huharibiwa na joto likichanganyika na unyevu, hata kama begi halijavaliwa. Lilikaa kwenye kabati, likasafirishwa kwenye kontena, likafika Dar, na huku unyevu haulali. Kwa nje unaliona jipya. Ingiza mkono ndani usugue: ukihisi kunata, au ukatoa vidole vina magamba meupe, au likakupiga harufu kali ya uchachu, tabaka limekufa na hakuna fundi atakayelirudisha. Kama mishono ni imara unaweza bado kulinunua, ila lipe bei ya begi lisilozuia maji.

Zipu nitazipitia upesi. Namba yake ni takriban upana wa meno yaliyofungwa, kwa milimita: namba 5 ni nyembamba, 8 ni nzuri, 10 ni ya kazi ngumu. Mlango mkubwa wa begi uwe 8 au zaidi. Herufi za YKK, kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa mwaka 1934, zinaigizwa sana, kwa hiyo jina peke yake lisikutoshe. Fungua na kufunga ukiwa umelijaza begi, na upite kwenye kona taratibu. Zipu dhaifu huonekana kwenye kona.

Mvua ndiyo inayowatoa watu machozi. Vuli na masika hawakupi taarifa, na ukikwama Jangwani maji yakiwa yamepanda huna pa kukimbilia. Begi lililoandikwa kwamba linazuia maji mara nyingi huzuia manyunyu tu: maji hupenya kwenye zipu na kwenye matundu ya sindano, si kwenye kitambaa. Ile kava ya mvua inayotolewa kutoka mfukoni chini ya begi ina kasoro mbili kwa mtu wa pikipiki. Upepo huingia ndani yake ukaijaza hadi ikachomoka, na hata ikibaki, maji yanayoteremka kwenye koti lako hupita kati ya mgongo na begi, upande ambao kava haiufuniki. Kinachofanya kazi kweli ni begi la turubai lililounganishwa kwa joto badala ya kushonwa, lenye mdomo wa kukunja mara tatu na kufunga pembeni. Kama begi hilo ni ghali kwako, weka mfuko usiopitisha maji ndani ya begi lako la kawaida. Zamani watu walitumia mfuko wa rambo. Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 1 Juni 2019 hiyo njia imefungwa, na kusema kweli mifuko ile ilikuwa inatoboka haraka. Mimi nashona mifuko ya ndani kwa turubai jepesi, mdomo mrefu wa kukunja, kisha naziba mishono kwa gundi. Laptopu, vyeti na daftari za wanafunzi vikiwa humo, begi la nje lilowe litakavyo.

Jambo ambalo sitalipita haraka ni kinachokaa juu ya uti wa mgongo wako. Naletewa mabegi ya mafundi yenye spana, nyundo na kufuli kubwa vikiwa vimelala upande wa mgongoni, na huwa sikai kimya. Ukianguka chali, kile chuma kiko kati ya uti wa mgongo na lami. Sponji ya begi si kinga. Imewekwa kwa ajili ya starehe. Kinga halisi ya mgongo ya waendesha pikipiki hupimwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 1621-2, ambapo ya daraja la kwanza hairuhusu wastani wa zaidi ya kilonyutoni 18 (kipimo cha nguvu ya pigo) kupita hadi mwilini, na ya daraja la pili kilonyutoni 9. Hakuna sponji ya begi la kawaida inayokaribia hapo. Kwa hiyo vyuma viende kwenye keria, vifungwe kwa mipira, au vikae kwenye boksi la nyuma. Mgongoni weka nguo na makaratasi, na laptopu iwe kwenye mfuko wake wenye sponji, imezimwa kabisa. Ikiachwa usingizini inaweza kuamka na kupata joto humo ndani, na kama bado ni ya diski ya kuzunguka, mtikisiko wa barabara unaweza kuiua data yako.

Kwa kipimo changu, mzigo ukifika kilo saba au nane, mahali pake ni keria, hata uwe na mabega ya namna gani. Mgongo uliochoka jioni hugeuka polepole, na breki za ghafla hukuta begi zito linakusukuma kwenye tangi.

Rangi nayo ina kazi. Begi jeusi mgongoni limekufunika wewe na nguo zako, kwa hiyo dereva wa nyuma haoni kitu. Rangi kali ya kung'aa husaidia mchana na wakati wa magharibi. Usiku inahitajika tepu ya kurudisha mwanga, ambayo hufanya kazi pale tu taa za gari zinapoipiga. Tepu hiyo inauzwa kwa mita. Shona mistari miwili iliyolala nyuma ya begi, na mmoja kila ubavu. Usiibandike kwa gundi, jua litaibandua.

Na ukiosha, tumia maji ya kawaida, sabuni ya unga kidogo na brashi laini, ulianike kivulini likiwa wazi, mdomo chini. Mashine ya kufulia na jua la saa saba hulimaliza lile tabaka la ndani. Likishakauka, pitisha mshumaa kwenye meno ya zipu, kisha uifungue na kuifunga mara kadhaa hadi iteleze.