Panya Hali Ua la Protea, Analichavusha

Kila msimu nikipandisha wageni milimani Western Cape, Afrika Kusini, hukosi mmoja wa kuinua tawi la Protea humiflora, kichaka cha maua cha huko, akaona kinyesi cha panya kando ya ua, kisha akaniuliza: "Mbona hamtegi hawa waharibifu?" Nimelijibu swali hili mpaka nimechoka, na bado naona watu wakimwaga sumu ya panya bustanini ili "kuokoa" maua.

Anayesema panya ameharibu na alitazame ua lenyewe kwanza. Ukilikuta limesimama zima, bakuli lake halijatafunwa, mbochi tu, yaani maji yake matamu, ndio umepungua, ujue panya alikuja kunywa. Anaingiza pua hadi chini kwenye mbochi, na umbali kutoka hapo hadi kwenye stigma, ncha ya ua inayopokea chavua (unga wa uzazi wa ua), ni kama milimita 10, kiasi cha pua yake. Chavua inaganda kwenye manyoya ya uso, naye anaipeleka kichaka cha pili. Akijilamba anaimeza, ndiyo maana chavua huonekana hata kwenye kile kinyesi ulichokishika kama ushahidi wa uharibifu! Wataalamu wa mimea John Rourke na Delbert Wiens waliyaandika haya miaka ya 1970. Maua yakizungushiwa wavu unaopitisha wadudu lakini unaozuia panya, mbegu hupungua. Basi anayetega panya anajipunguzia protea zake mwenyewe, na bundi akimla panya mwenye sumu, naye anadhurika.

Ni kweli panya hula mbegu zilizodondoka. Lakini mbegu hizo zisingekuwapo bila mchavushaji.

Wengine hudai kwamba ua lisilong'aa halina mgeni wa kulichavusha. Ua hili halimtafuti ndege. Lina rangi ya kahawia kwa nje, liko karibu na ardhi, limefichwa na matawi, na linanuka kama hamira. Panya-miamba wa Namaqua na panya-miiba wa Cape hutoka gizani wakifuata pua, na mbochi mwingi hutoka usiku. Maua yanachanua katika baridi, Julai hadi Septemba, wakati mbegu za kula ni chache. Ukitaka kuamini, piga magoti jioni ulinuse. Nawaambia wageni wote, na wachache mno ndio wanaopiga magoti.

Mbochi huo una sukari iitwayo zailosi pia, ambayo ndege wanywa mbochi wa huko huikataa. Panya-miamba huitumia kwa msaada wa vijidudu vya tumboni mwake.

Je, protea zote ni za panya? Hapana. Ile kubwa iliyo nembo ya Afrika Kusini hutembelewa na ndege na mbawakawa. Wanaopanda Kilimanjaro au Mlima Kenya hukutana na protea za kwetu pia, na huko ndege aitwaye chozi hunyonya mbochi mchana kweupe. Zilizoegemea panya ni chache: humiflora, amplexicaulis, nana na wenzao wa chini chini.

Na sange, yule mwenye pua ndefu anayenyonya mbochi huko huko Cape, si panya. Ukoo wake uko karibu na tembo kuliko panya. Tafadhali msimtegee naye.