Je, wajua kwa nini chupa za kokteli za kuloweka hutiwa matunda makavu?

Huenda umeziona zikiuzwa kama zawadi: chupa ya kioo yenye vipande vya chungwa na nanasi vilivyokaushwa, kijiti cha mdalasini, iliki mbili tatu na sukari kidogo. Unamimina vodka au ramu, unafunika, unaacha siku tatu, unachuja. Nyumbani zinatengenezeka vilevile, na chupa ya jamu iliyooshwa vizuri inatosha.

Mara ya kwanza nilicheka. Embe bivu liko sokoni linadondosha maji, la kavu la nini? Nikakata embe moja kubwa nikalitosa kwenye vodka. Siku ya nne nilikuwa na kitu chenye rangi ya maji ya kusuuzia vyombo, na ladha haikuwa mbali na hapo.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba tunda kavu ni tunda lililokufa. Kinachoondoka kwenye kaushio ni maji hasa. Sukari, asidi na sehemu kubwa ya ladha hubaki, zikiwa zimesongamana kwenye kipande kidogo. Embe bivu lisilokaushwa kwa uzito wake ni maji kwa takriban asilimia 83. Tia gramu 400 za nyama ya embe kwenye chupa ya mililita 750 yenye kilevi asilimia 40, na umeongeza zaidi ya mililita 300 za maji. Yakishachanganyika yote, kilevi kinashuka hadi karibu asilimia 28. Yaani nilikuwa nimeizimua vodka yangu mwenyewe, kwa gharama ya embe.

Si kila kitu kinafaa kukaushwa, lakini. Mnanaa mkavu hupoteza ule ubaridi wake wa kupanda puani, na ganda la ndimu lililokwanguliwa papo hapo lina mafuta mengi ya harufu kuliko lililokaa juani wiki nzima. Pasheni nayo ikikaushwa harufu yake nyingi huenda na upepo.

Kwa nini basi maji hayo ya tunda bivu yana madhara makubwa hivyo? Fikiria soko lenye wauzaji wa aina mbili wasiosikilizana lugha. Upande mmoja kuna sukari, asidi na rangi nyekundu ya choya, wanaoelewana na maji. Upande wa pili kuna mafuta ya karafuu, ya iliki, ya ganda la chungwa, ambayo maji huyapita kama hayayaoni. Sufuria yenye grisi ukiisuuza kwa maji matupu utaelewa. Kilevi ni dalali. Molekuli yake ina ncha moja inayoshikana na maji na nyingine inayokubaliana na mafuta, hivyo anaingia pande zote mbili na kutoka na mizigo. Ukimwaga maji mengi sokoni, dalali anazidiwa na wale wa mafuta wanaachwa.

Jambo hili unaweza kuliona kwa macho. Pastis, pombe ya Ufaransa yenye ladha ya anisi, ni angavu chupani, ila ukiongeza maji inageuka nyeupe kama tui: mafuta ya anisi yamekosa dalali, yamejikusanya kuwa vitone. Sheria ya Marekani nayo inataka arki ya vanila iwe na kilevi kisichopungua asilimia 35.

Tunda kavu lina faida nyingine: lina kiu. Kama maharage yaliyolowekwa usiku, kwanza linanywa na kuvimba, na kwa kuwa ukaushaji umeshachana utando wa seli, vilivyomo ndani vinatoka bila kubishana.

Kuhusu muda, wengi husema kadiri inavyokaa ndivyo inavyonoga. Mimi sikubali. Choya hutoa rangi ndani ya dakika chache, pilipili kavu hutosha kwa saa kadhaa, na ngozi nyeupe ya chungwa ikikaa mno inatoa uchungu. Karafuu weka moja, kwa chupa nzima. Yugenoli, kiini cha mafuta yake, ndiyo ile wanayotumia madaktari wa meno, na ukiweka tano utakunywa ukikumbuka jino lililong'olewa.

Onja kila siku, chuja ikikupendeza. Pombe itakuwa imepungua kidogo, na iliyopotea imo kwenye vile vipande vya embe vilivyovimba chini. Vinapendeza juu ya aiskrimu. Ila viweke mbali na watoto, na baada ya vinne usishike usukani.